Uzoefu wangu: ziara binafsi ya nusu siku, Fort Jesus na Mji wa Kale, Mombasa

Ukikodi mwongoza watalii wako mwenyewe Mombasa, mwambie mambo mawili kabla hujatoa senti: mtaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na vituo vipunguzwe. Sisi tulisisitiza yote mawili, na ndiyo maana naisifu ziara hii ingawa kampuni iliyotuuzia ilituudhi tangu getini.

Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu aliye kidato cha pili, na baba. Baba amefundisha historia Tanga mpaka alipostaafu. Wareno, Waomani, mwaka 1593, mwaka 1698, hayo ameyaandika ubaoni maisha yake yote, lakini ngome yenyewe ya Fort Jesus hakuwahi kuiona, na Tanga na Mombasa ni safari ya kutwa tu, unapita Horohoro unakuja kuvuka na feri ya Likoni. Kwa hiyo sikutaka ziara ya kumburuza mzee juani ili tupige picha na kuondoka.

Ratiba ya kwanza waliyonitumia ilikuwa hivyo hivyo. Muda wa saa nne na nusu, vituo vinane: Pembe za ndovu za Moi Avenue, Fort Jesus, Mji wa Kale, soko la Marikiti, wachongaji wa vinyago Changamwe, hekalu, ufuo wa Nyali, na duka la zawadi. Ukitoa muda wa foleni za magari, hakuna mahali utakapokaa zaidi ya dakika ishirini. Niliwaandikia kwamba tunataka ngome na Mji wa Kale peke yake, gari litushushe na kutufuata mwishoni. Walikubali bila ubishi, bei ikabaki ile ile, shilingi elfu sita za Kenya kwa sisi sote. Pembe tuliziona dirishani tukipita. Ni nne, za alumini, zimevuka barabara zikifanya herufi M, na kwa maoni yangu dirishani panatosha.

Kilichoniudhi ni viingilio. Ujumbe wao ulisema wazi kwamba viingilio vimo ndani ya bei. Tulipofika getini, mwongozaji hakuwa na habari hiyo, akapiga simu ofisini, ofisini wakasema tulipe wenyewe halafu watarudisha. Hawajarudisha. Namshukuru kijana huyo mwongozaji kwamba hakutuacha tumesimama pale. Alilipa kwa simu yake nasi tukampa taslimu. Mtu wa Tanzania, Uganda au nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki abebe kitambulisho, kwa sababu kiingilio chetu ni nafuu kuliko cha watalii wa mbali, na wanaangalia.

Sasa mwongozaji mwenyewe. Ni kijana mzaliwa wa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale. Alimwamkia baba shikamoo kwa adabu, kisha akageukia kazi, akaanza kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza kizuri, cha kukariri, sentensi zinatoka kwa mpangilio ule ule anaowapa wageni wa meli kila siku. Baba akamwacha amalize, akamwambia, "Mwanangu, mimi ni mzee wa Tanga. Nisimulie kama unavyomsimulia babu yako." Kijana akacheka, akasema haya mzee wangu, na kuanzia hapo tukawa na mtu mwingine kabisa. Alianza kubishana, kuuliza, kurudi nyuma kwenye jambo alilolisahau. Nadhani wengi wetu tunaingia kwenye ziara hizi tukikubali Kiingereza kwa mazoea tu, na mwongozaji naye anadhani ndiyo heshima. Sema mapema.

Ngomeni tulikaa karibu nusu ya muda wetu wote, na sehemu kubwa ya mwanzo tulikuwa bado langoni. Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ambalo makundi yalikuwa yakilipita bila kuinua macho. Kijana alitusimamisha chini yake, akatueleza linachosema. Limewekwa na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hii mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Anajisifu kwamba ameikarabati, amewatiisha watu wa pwani hii waliokuwa wameasi pamoja na mfalme wao, na amewaadhibu watu wa Pate na Siyu, miji ya kisiwa cha Pate huko Lamu, mpaka kuta za miji yao zikabomolewa.

Baba alilitazama jiwe kwa muda. Akauliza, "Na watu wa Pate wao wanasema nini?" Kijana akajibu, "Wao hawakuandikiwa jiwe, mzee." Kisha akatupa upande wa pili, na ndipo nilipojua kwamba tumepata mtu wa kazi.

Mfalme anayetukanwa pale ni Yusuf bin Hasan. Wareno walimuua baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, mwaka 1614. Yeye akachukuliwa mtoto hadi Goa, makao ya Wareno huko India, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akalelewa kama Mreno, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao. Miaka mitano baadaye, Agosti 1631, aliingia ngomeni akamuua kapteni, akairudia dini ya baba zake na kuishika ngome. Wareno walileta jeshi kutoka Goa wakashindwa kuitwaa. Mwaka 1632 aliiharibu kadiri alivyoweza, akaondoka na meli. Kwa hiyo ukarabati anaojisifia yule kapteni ni wa yale aliyoyabomoa Yusuf. Ukiwa umesimama chini ya jiwe lile ukisikia hayo, lango zima linageuka maana. Binti yangu, ambaye historia ameichukulia kuwa somo la kukariri miaka, aliuliza maswali mpaka askari wa getini akawa anasikiliza.

Ndani, kijana alitupandisha kwanza juu ya ukuta kabla jua halijawa kali, na ninashauri mfanye hivyo. Kutoka juu unaelewa kwa nini palijengwa hapa. Chini yako ni mlango wa bahari wa kuingilia bandari ya zamani, hakuna chombo kitakachopita bila kuonekana. Mchoraji wa ramani alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ujenzi ulianza 1593, chini ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania aliyekuwa akiitawala na Ureno pia. Ukiitazama kwenye ramani, ngome ina umbo la mtu aliyelala. Kijana alimtaka binti aguse ukuta na kuutazama kwa karibu: ni jiwe la matumbawe, na ndani yake bado unaona vitundu na alama za viumbe vya baharini. Sehemu za chini hazikujengwa hata kidogo, mwamba wenyewe umechongwa.

Habari ya kuzingirwa na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, baba aliijua vizuri kuliko ninavyoijua njia ya nyumbani, na kwa muda mfupi wao wawili walikuwa wakipokezana. Lakini kuna sehemu ambayo hata baba alinyamaza kuisikiliza. Katikati ya 1697 maradhi yaliwamaliza Wareno ngomeni karibu wote, mpaka kapteni akafa. Aliyebaki kushika ulinzi alikuwa Bwana Daud wa Faza, mji mwingine wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake, pamoja na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Hao ndio waliolinda kuta mpaka meli za msaada za Wareno zikafika mwezi Septemba. Kwenye vitabu vingi vya shule ni Wareno dhidi ya Waomani, basi. Kumbe kulikuwa na kipindi ambapo waliokuwa juu ya kuta hizi walikuwa watu wa pwani hii hii na wanawake wa Kiafrika, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za kuwa upande huo. Faza na Pate walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi, na Pate walikuwa na Waomani. Baba aliandika jina la Bwana Daud kwenye kijitabu chake.

Moja ya meli za msaada, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichunguza miaka ya 1977 hadi 1980, na vitu vilivyopatikana vimo kwenye jumba la makumbusho ndani ya ngome. Jumba lina vyombo vya kauri vya China na vitu vingi vingine, tulipita kwa mwendo wa kawaida. Tulipokaa ni kwenye michoro ya ukutani. Askari wa Kireno walichora kwenye lipu kwa makaa na rangi nyekundu: meli nyingi, samaki, watu, majengo. Mistari mingine imepishana kama ya mtoto, lakini matanga na kamba za meli zimechorwa kwa uangalifu wa mtu anayezijua. Binti alihesabu milingoti. Kijana alisema jambo moja tu pale: hawa walikuwa wakisubiri meli. Akatuacha tutazame wenyewe. Mwongozaji anayejua wakati wa kunyamaza ni adimu.

Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza, na tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Hapo tulipita haraka, jua lilishapanda. Kuna ngazi na sakafu zisizo sawa. Baba ana fimbo na aliweza, ila viatu viwe imara na maji mbebe yenu.

Mji wa Kale tuliingia kwa miguu kupitia Ndia Kuu. Vichochoro vina kivuli na upepo wa bahari, lakini bodaboda na tuktuk zinapita humo humo, kwa hiyo mwenye mzee au mtoto mdogo amshike mkono. Nilipenda kwamba kijana hakutuonyesha mitaa kama makumbusho. Alisalimia kila baraza, akaulizwa na akina mama wageni hawa wametoka wapi, na tuliposema Tanga tukaanza kutajiwa jamaa walioolewa Tanga, Pangani na Pemba. Baba alikaribishwa kahawa chungu barazani na ikabidi tumsubiri. Kwenye ratiba ya vituo vinane hilo lisingewezekana.

Msikiti wa Mandhry unatajwa kuwa wa mwaka 1570. Binti ndiye aliyepiga hesabu papo hapo: ulikuwepo miaka 23 kabla jiwe la kwanza la ngome halijawekwa, na bado unasaliwa. Mnara wake ni mweupe, umenona chini na kuchongoka juu, haufanani na minara mirefu myembamba tuliyoizoea. Sisi wanawake tuliutazama kwa nje. Baba aliingia akasali rakaa mbili. Nendeni mmevaa kwa stara, na msichague Ijumaa, kwa sababu mwongozaji atataka kwenda kuswali na maduka mengi hufungwa.

Karibu na bandari ya zamani tuliiona Leven House, jina lililotokana na meli ya nahodha Owen wa Uingereza. Mwaka 1824 Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walimkaribisha awawekee ulinzi dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani, London ikakataa, na 1826 Waingereza wakaondoka. Mmisionari Krapf naye alikaa nyumba hiyo alipofika 1844. Bandarini penyewe kijana alituomba tuweke simu mfukoni, hapapigwi picha, na tukatii. Kulikuwa na jahazi likipakiwa mzigo, na harufu ya papa mkavu.

Malalamiko yangu kwa kijana ni moja. Mwisho wa safari, Marikiti, alitukalisha kwenye duka la viungo la rafiki yake kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Hakuna aliyetulazimisha kununua, na iliki waliyotuuzia ni nzuri, lakini muda ule ningeutumia kwenye nyumba za zamani zenye roshani za mbao, ambazo tuliziona tukiwa tumeshachoka. Nilimwambia, akapokea vizuri. Ukienda, sema tangu asubuhi kwamba dukani ni dakika kumi.

Tulianza saa mbili na nusu asubuhi, ikapita saa saba mchana bado tuko naye, na hakudai nyongeza. Tulimpa bahasha kwa hiari yetu, tukamkaribisha chakula. Aliagiza viazi karai na ukwaju kwa wote, na mpaka gari linafika yeye na baba walikuwa hawajakubaliana kama Yusuf bin Hasan alifanya sawa kuiacha ngome mwaka 1632 baada ya kuwashinda waliotumwa kuichukua. Baba anasema hakuwa na njia nyingine, watu wake walikuwa wachache. Kijana anasema angekaa.

Kwa aliyekwenda na wazazi au watoto wa shule, thamani ya pesa ipo, mradi uagize vituo viwili na si vinane. Kampuni ile sitaitumia tena. Kijana alitupa namba yake, na baba ameshamwomba atupeleke kwenye magofu ya Gedi likizo ya Desemba.