Mashine ya kamera ya kupimia vyuma: lenzi siyo, na fundi wao hana adabu

Mashine yenyewe ningeivumilia. Kilichonikera hadi naandika ni yule kijana wa wakala aliyekuja karakanani kwetu hapa Dar. Kaingia, shikamoo hakuna, kamkuta mzee wetu wa leth, mashine ya kukerezea vyuma, ameshika maikromita yake ya mkono ya kupimia unene, akamwambia mbele ya vijana wote: "Mzee, hiyo kapeleke makumbusho. Kamera haikosei, unakosea wewe."

Mzee yule alianza kukereza bushi, zile pete za chuma za kuvika shafti, kabla kijana hajazaliwa. Alinyamaza. Aliyepandwa na jazba ni mimi.

Ugomvi ulikuwa hivi. Tulikuwa na bushi za kipenyo cha milimita 40, fupi na ndefu, zinapishana kimo milimita 3 tu. Fupi zilipita. Ndefu zote kamera ikazikataa, eti kipenyo kimezidi karibu milimita 0.4! Kumwambia fundi wa leth kakosea kiasi hicho ni kumtukana. Maikromita inasema ziko sawa, mteja yuko kwenye simu anadai mzigo wake.

Kijana akasingizia joto: vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzi 20, na Dar ni Dar. Kweli, ila chuma hutanuka takriban mikroni 12 (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja) kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Milimita 40 kwenye nyuzi 32 ni kama mikroni 6. Sisi tunagombania 400. Joto la wapi hilo, la tanuri?

Alipoondoka tukachukua bushi fupi, ile ile iliyopita, tukaipandisha juu ya bapa la milimita 3. Ikanenepa papo hapo, taa nyekundu. Lenzi ya kawaida huona kikubwa kile kilicho karibu nayo. Tulilipia lenzi ya telesentriki, ambayo haijali kimo kwa sababu hupokea miale iliyo sambamba tu, na ndiyo maana kioo chake cha mbele lazima kiwe kipana kuliko kitu kinachopimwa. Cha kwetu ni kama kifuniko cha soda. Ukienda kununua, kabla ya bei angalia kioo.

Haya, haki yake nayo tuipe. Gasketi za mpira zilikuwa zinatutesa: ukizibana na vernia zinabonyea, kila mtu anapata kipimo chake. Kamera haigusi. Unazitandaza juu ya taa, inasoma kingo zote kwa mpigo, mradi uzifute vizuri, maana hata tone la mafuta ukingoni hupimwa. Kwa kazi hiyo nilishaamua kutoa nyota nne.

Halafu juzi ikaja ankara: ziara ya mtaalamu, pamoja na "mafunzo kwa opereta". Mafunzo! Yale matusi?

Ankara nimeirudisha. Nyota mbili, kwa ajili ya gasketi. La, moja. Wakileta lenzi tuliyolipia nitafikiria upya, ila aje mtu mwingine.