TRICARE na tiba shufaa kwa familia za wanajeshi walio nje ya Marekani

TRICARE, bima ya afya ya wanajeshi wa Marekani, wastaafu wao na familia zao, inahudumia watu takriban milioni 9.5, wakiwemo wazaliwa wa Afrika Mashariki waliojiunga na jeshi hilo. Ninaitathmini hapa kwa jambo moja tu, tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso: inamfanyia nini mgonjwa ambaye madaktari wamekwisha kusema kwamba hatapona, ilhali familia yake iko Ujerumani, Japani, Korea Kusini au imerudi kwao Kenya.

Ndani ya Marekani, mpango wake wa hospisi, yaani huduma ya kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona hadi mwisho wa maisha yake, unastahili sifa. Daktari akithibitisha kwamba mgonjwa anatarajiwa kuishi miezi 6 au pungufu, bima hulipia muuguzi anayemfuata nyumbani, dawa za maumivu, vifaa, ushauri kwa familia, na hata kulazwa kwa muda mfupi ili anayemuuguza apate kupumzika. Huduma huanza kwa vipindi viwili vya siku 90, kisha huendelea kwa vipindi vya siku 60 visivyo na kikomo maadamu daktari anaendelea kuthibitisha hali hiyo. Mtu mzima anayechagua hospisi husimamisha tiba ya kuponya ugonjwa huo, ingawa anaweza kubadili uamuzi wake wakati wowote. Aliye chini ya miaka 21 huruhusiwa kupata vyote viwili kwa pamoja, na hilo naliona ni jambo la utu mkubwa.

Yote hayo yanaishia mpakani. Hospisi hulipiwa Marekani na katika maeneo yake, kama vile Guam na Puerto Rico, lakini si katika nchi za nje. Hivyo familia iliyopangiwa Guam inayo haki hiyo, na iliyopangiwa Okinawa, kisiwa cha Japani, haina, japokuwa wote wanatumikia jeshi lile lile katika bahari ile ile. Chanzo ni kwamba TRICARE imefuata masharti ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inayotaka hospisi iwe imeidhinishwa nayo, na hospisi za namna hiyo hazipo nje ya Marekani na maeneo yake. Uuguzi wa nyumbani nao hukatwa vivyo hivyo. Kinachobaki ni kumwona daktari, kulazwa hospitalini na kupewa dawa, yaani vipande vya tiba shufaa ambavyo familia yenyewe hulazimika kuviunganisha wakati ambapo haina nguvu wala usingizi.

Ni kweli kwamba familia ya askari aliye kazini haiko peke yake kabisa, kwa kuwa kuna hospitali za jeshi, kama ile ya Landstuhl nchini Ujerumani, na jeshi lina utaratibu wa kumhamisha askari au kuwarudisha jamaa zake mapema kwa sababu za kibinadamu. Utaratibu huo nashauri uombwe mara tu baada ya utabiri wa daktari kujulikana, kabla mgonjwa hajafikia hali ya kutoweza kusafiri. Ujerumani ina hospisi nzuri, lakini bima za umma za nchi hiyo huwalipia wanachama wao, na familia ya askari wa Marekani kwa kawaida si mwanachama.

Wanaonihuzunisha zaidi ni wastaafu. Aliyetimiza miaka 65 akarudi kuishi Nairobi hana budi kuendelea kulipa ada ya kila mwezi ya Medicare Sehemu B (sehemu inayolipia madaktari na huduma zisizo za kulazwa) ili asipoteze TRICARE For Life, yaani TRICARE ya wenye Medicare, ingawa Medicare yenyewe kwa kawaida hailipii matibabu ya Kenya. Akihitaji hospisi, hailipiwi na Medicare wala na TRICARE, wakati Nairobi Hospice ipo tangu 1990, na jirani zetu wa Hospice Africa Uganda wamekuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani na kuwapa mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, tangu 1993. Utaalamu uko karibu na kitanda chake. Kinachokosekana ni sheria ya kuulipia.

Yupo pia mama mzazi, ambaye kwetu hatuwezi kumwacha. Mzazi anayemtegemea askari anaweza kutibiwa katika hospitali ya jeshi ikiwa nafasi ipo, lakini TRICARE haimlipii kwa madaktari wa kiraia, na anayemchukua mamaye kwenda kambi ya ng'ambo alijue hilo kabla ya kukata tiketi.

Kwa zile huduma zinazolipiwa, anayelipa mwenyewe kwanza ana miaka 3 ya kudai fedha zake nje ya Marekani, na lazima aambatanishe uthibitisho wa malipo. Muda huo unatosha.

Kwa mgonjwa aliye tayari kurudi Marekani, naipendekeza bima hii bila kusita. Kwa aliyeamua kufia nyumbani kwake Nakuru au Mbarara, haitoshi, na familia yake itenge fedha za hospisi ya hapo kuanzia sasa.