Mfuko wa kolostomi ukiwa na ngiri: uliokaa na uliogoma

Mimi nina kolostomi, yaani utumbo mpana umetolewa nje tumboni na choo kinatokea hapo kuingia kwenye mfuko wa kubandika, na pembeni ya stoma, hilo tundu lenyewe, kumeota ngiri, nikisimama inatokeza kama chungwa, nikilala inarudi ndani tumbo linakuwa karibu bapa. Shida yote iko hapo, maana kibandiko cha kawaida kimetengenezwa kwa tumbo bapa, unakibandika umelala kinakaa safi kabisa, ukiinuka tu kingo zinajikunja, upande wa chini panatokea mkunjo na choo kinapenyea hapohapo. Na joto hili la Dar gundi inalowa jasho, we acha tu.

Nilianza na wa vipande viwili, ule wenye ringi ya plastiki unabofya mfuko juu yake. Kwa asiye na ngiri ni mzuri, unabadili mfuko bila kubandua ngozini. Kwangu ringi inataka kubaki bapa wakati tumbo limevimba, nikikaa kwenye daladala naisikia inavyonichimba. Wenye kitako kilichobinuka, yaani kibandiko kilichotuna kuelekea ngozini, sista alinikataza kabla hata sijanunua, akasema ule ni wa stoma iliyozama, juu ya ngiri unaweza kukandamiza ngozi mpaka ichubuke.

Sasa hivi natumia SenSura Mio Concave wa Coloplast, kampuni ya Denmark, wa kipande kimoja, yaani mfuko na kibandiko vimeungana. Huu umetengenezwa makusudi kwa tumbo lililotokeza, kibandiko kina umbo la nyota na kimepinda kuufuata uvimbe, kwa hiyo ile mikono ya nyota inalala kwenye mteremko wa tumbo haijikunji. Nainama kufunga viatu na hakivuti ngozi, kwa kweli hapo ndo uliponiteka. Kipengele ni upatikanaji, famasi nyingi hawaujui, mimi naagiza kwa ndugu yangu aliye Uingereza, na bei yake si ya kitoto. Ukiukosa tafuta wa kipande kimoja wenye kibandiko laini, chembamba, hata kama ni bapa, hautakusumbua kama ule wa ringi.

Kupima nako kuna mambo yake jamani. Stoma yenye ngiri inatanuka ukisimama, ukipima umelala tu tundu linakuwa dogo linaibana. Mimi napima nimesimama mbele ya kioo, maana ngiri imeifunika, nikiangalia chini naona tumbo tu, halafu nakata tundu kubwa kidogo kuliko stoma, milimita 2 au 3 hivi. Kibandiko nakipasha kwanza kwapani kilainike. Mfuko namwaga ukifika theluthi, ukiuacha ujae uzito unavuta kila kitu. Ila ngiri ikiuma ghafla na hairudi, au stoma ikageuka rangi kuwa nyeusi, au choo kikakata na unatapika, achana na mambo ya mifuko, kimbilia hospitali.

Mkanda wa ngiri nao unasaidia, unavaa ukiwa bado umelala kabla uvimbe haujatoka. Wenye tundu la kupitishia mfuko wengi wanausifu, kwangu nyama ilikuwa inatokezea kwenye lile tundu nikahamia usio na tundu, unapita juu ya mfuko, lakini nikishakula naulegeza maana ukibana sana choo hakishuki, kinarundikana juu pale kwenye stoma mpaka kinabandua gundi.