Boksi la kadi na mapambo ya vuli: mihuri na wino ni bora, karatasi ibadilishwe

Boksi hili la kutengenezea kadi na mapambo ya karatasi ya Halloween (sikukuu ya mizimu na maboga ya tarehe 31 Oktoba) na ya vuli, yaani majira ya majani kupukutika, nililinunua hapa Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa Septemba, wakati maduka ya vifaa vya sanaa yanapoanza kujaza rafu zake rangi ya chungwa na nyeusi, na nimelitumia hadi msimu ulipokwisha. Kwa dola 30 nilizolipa, mihuri na wino wake vimenipa zaidi ya nilichotarajia. Karatasi yake, kwa upande mwingine, haifai kwa kadi ambayo mtu anataka itunzwe, na kwa kuwa kadi ni karatasi kabla haijawa kitu kingine chochote, nitaanza na hilo.

Karatasi nzito iliyomo ndani ya boksi imetiwa rangi juu tu, na kiini chake ni cheupe. Ukiikunja, mstari mweupe hujitokeza kwenye mkunjo. Ukiichana kwa mkono ili jani lipate kingo zisizonyooka, weupe huo huonekana kila mahali. Kwa kadi ya rangi nyepesi kasoro hiyo hustahimilika, lakini kwa popo mweusi au jani jekundu huharibu kazi nzima. Niliibadilisha kwa karatasi iliyopakwa rangi hadi ndani, yenye uzito wa gramu 216 kwa mita ya mraba, ambayo Marekani huuzwa kama karatasi nzito ("cover") ya ratili 80. Ile ya ratili 65, yaani gramu 176, inatosha kwa maumbo ya kubandika, ila kadi iliyotengenezwa nayo hulegea ikisimama mezani kwa siku nyingi.

Mwongozo wa boksi hausemi lolote kuhusu mwelekeo wa nyuzi za karatasi, na hilo nimeliona kuwa pengo kubwa kwa mtu anayeanza. Pinda karatasi polepole bila kuikunja, kwanza kwa urefu na kisha kwa upana. Upande unaopinda bila ubishi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wa kadi unapaswa kwenda sambamba nao, baada ya kupitisha mstari kwa rula na kifaa butu. Mkunjo unaokata nyuzi hupasuka hata kwenye karatasi ya bei kubwa.

Bahasha zilizomo ni za mraba, zinapendeza macho, lakini posta ya Marekani hutoza nyongeza kwa barua ya mraba kwa sababu mashine zake za kupanga barua haziipokei. Nyongeza hiyo huangukia pia bahasha yenye uvimbe wa vifungo na fundo za utepe, vitu ambavyo boksi linavyo kwa wingi. Ushauri wangu ni kukata karatasi ya kawaida ya hapa, ya inchi 8.5 kwa 11, katikati ya ule urefu wa inchi 11, kisha kukunja kila nusu kwenye inchi 4.25, kadi hiyo huingia kwenye bahasha ya A2 ya Kimarekani (si A2 ya familia ya A4) inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya ofisi. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye karatasi yake ni A4, aikate katikati na kukunja nusu yake, apate kadi ya A6 inayoenea kwenye bahasha ya C6.

Sasa nifike kwenye kilichonifurahisha. Pedi za wino ni za maji, hazikauki upesi, na kwa sababu hiyo rangi mbili au tatu huchanganyika juu ya jani moja bila mpaka kuonekana. Jani la mti wa mepo ("maple") haligeuki rangi lote kwa pamoja. Siku zinapofupika, klorofili huvunjika na kijani huondoka, ndipo manjano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo huonekana, ilhali wekundu hutengenezwa upya wakati huohuo wa vuli. Anayefahamu hivyo hupaka rangi kwa mpangilio huohuo: manjano jani zima kwa kipande cha sifongo, chungwa kutoka kingoni kuelekea ndani, nyekundu kwenye ncha tu, na kijani kidogo sana kando ya mishipa, mahali ambapo mara nyingi hukawia kutoweka. Niliweka jani halisi mbele yangu kama kielelezo na wino ulinitii kila hatua. Sijawahi kupata matokeo ya namna hiyo kwa kalamu za rangi. Ninachosikitikia ni kwamba pedi ya manjano haimo kwenye boksi na ilibidi niinunue peke yake, wakati zambarau zimo mbili.

Mihuri imechongwa kwa kufuata mtindo wa postikadi za Halloween ambazo Wamarekani walitumiana kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, zile za watoto wenye mashavu ya mviringo na maboga yanayocheka, ambazo mchoraji Ellen Clapsaddle alizitengeneza nyingi. Mistari yake ni safi, haizibwi na wino, na upole wa picha hizo naupenda kuliko damu na mafuvu yaliyojaa madukani. Jambo la maana zaidi kwa sisi tunaotuma kadi kwa watu wa pande mbili, Marekani na Afrika Mashariki, ni kwamba nusu ya mihuri haihusiki na Halloween hata kidogo: ni majani, masuke, maboga mazima na matunda ya mwaloni. Kwa jirani yangu wa hapa, bundi juu ya kadi ni ndege wa usiku wa mbalamwezi na hakuna zaidi. Shangazi yangu wa Singida angeipokea kadi hiyohiyo kama taarifa ya msiba, na singethubutu kumpelekea. Vilevile katika usharika wetu wapo wanaoikumbuka tarehe 31 Oktoba kama mkesha wa Watakatifu Wote na hawataki mzimu wala mchawi nyumbani mwao. Hao wote wamepata kadi za mavuno kutoka boksi hilihili, na walizipokea kwa furaha.

Kuhusu mapambo nitakuwa mfupi. Boga la vipande ndilo zuri kuliko yote: unakata vipande vya sentimita 1.5 kwa 20, unavitoboa kwenye ncha zote mbili, unavifunga pamoja kwa pini za karatasi juu na chini, kisha unavitawanya hadi duara litimie. Hapa ile karatasi yenye kiini cheupe haina tatizo, kwa kuwa vipande vinapinda bila kuvunjika, kwa hiyo usiitupe. Misuko ya krepu, ile karatasi nyembamba yenye makunyanzi, inakumbusha utamaduni wa zamani, maana kampuni ya Dennison ya Massachusetts ilianza mwaka 1909 kuchapisha vijitabu vya mapambo ya Halloween ili kuuza krepu zake. Hata hivyo krepu ya boksi hili inachuja rangi ikipata unyevu. Isiwekwe dirishani, ambako mvuke wa ndani hugeuka maji kwenye kioo usiku wa baridi, na jua la mchana hupausha kilichobaki.

Kwa mwalimu wa watoto au mzazi anayetaka kazi ya jioni moja, boksi linatosha kama lilivyo. Kwa anayetuma kadi kila mwaka, kampuni iliyotengeneza boksi hili huuza mihuri na pedi za wino bila boksi, na ndivyo nitakavyonunua mimi msimu ujao, pamoja na pakiti ya karatasi ya ratili 80 ya rangi ya kutu.