Kwa masista wa Katuba, karte ya mutuelle inapokelewa kweli

Walimu wenzangu wa Lubumbashi, kama una karte ya mutuelle, ule mfuko wetu wa matibabu wa walimu, na hujui docta wa kumwendea, nenda kwenye kituo cha afya cha masista kule Katuba. Natibiwa pale tangu tansio yangu, yaani presha ya damu, ilipopanda, mimi pamoja na watoto, na sijarudishwa mlangoni hata siku moja.

Hilo si jambo dogo. Kituo kinaweza kuwa kwenye orodha ya mutuelle na bado kisikupokee. Kuna kliniki moja ya mjini, sitaitaja, imetundika kibao kikubwa getini kwamba inapokea walimu. Nilifika na mtoto anawaka homa. Dada wa mapokezi aliigeuza karte yangu huku na huku, akasema: "Mama, kwa watu wa mutuelle docta anakuja mchana. Ukiwa na kesh, yuko." Docta alikuwa ndani, sauti yake tuliisikia kabisa. Mtoto alikuwa anatetemeka mapajani mwangu. Nilitoka, nikachukua teksi mpaka Katuba.

Inaniuma mpaka leo, kwa sababu tumekwisha kulipa. MESP, ndiyo mutuelle yenyewe ya walimu, inakata kwenye mshahara kabla haujatufikia mkononi. Na tangu masomo ya msingi yafanywe bure mwezi wa Septemba 2019, ile prime, pesa ambayo wazazi walituongezea juu ya mshahara na iliyotusaidia siku ya ugonjwa, imekwisha. Mwalimu wa primaire akinyimwa docta kwa karte yake, atatoa wapi pesa nyingine? Atakopa, au atabaki nyumbani na mgonjwa.

Kwa masista mambo ni mengine. Dirishani wanaangalia picha, wanaandika matrikuli, ile namba yako ya kazi, kwenye daftari, wanakupa jetoni. Wenye karte na wenye kesh tunakaa benchi moja na tunaitwa kwa zamu. Siku ile ya homa walimpima mtoto uzito kwanza, wakamchoma kidole kutafuta malaria, na docta akahesabu vidonge kulingana na kilo zake. Akanishika kwa maneno: "Mama Mwalimu, siku ya pili homa itashuka na mtoto atataka kucheza. Usiache dawa. Siku tatu zitimie." Nimeona madocta wengi wakiandika bila hata kuinua macho, kwa hiyo maneno hayo niliyashika.

Lakini kinachonifanya niandike ni namna anavyoandika dawa. Ananipima tansio, ananiacha nitulie kidogo, anapima tena mkono wa pili. Halafu anainuka yeye mwenyewe, anakwenda mpaka dirisha la farmasia kuuliza kilichopo, ndipo anarudi kuandika. Kila mwenye karte anaijua ile karatasi inayoandikwa vizuri, ukifika farmasia unaambiwa ukanunue nje. Mimi nakunywa amlodipine ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku, na dawa ya tansio hairukwi eti kwa sababu wiki hii unajisikia vizuri. Kuna mara dawa iliwaishia. Docta aliniambia wazi, akaniandikia jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, ili farmasia yoyote inipe ile ya bei nafuu. Niliipata kule komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa pesa niliyokuwa nayo.

Kasoro zipo. Jumatatu watu ni wengi mno, na ukichelewa asubuhi utakaa mpaka jua la mchana. Umeme ukikatika, labo inasimama. Ekografia, ile mashine ya kupiga picha ya tumbo, hawana. Usafi ni mzuri, choo ni kisafi, maji ya kunawa yapo kwenye ndoo yenye bomba.

Docta akikuambia uende hospitali kubwa, usitoke bila karatasi ya transferi yenye muhuri. Mimi nilipewa yangu bila kuzungushwa, na ndiyo iliyonifikisha kwa docta wa moyo. Mama waja wazito wananiuliza sana kuhusu kujifungua bure. Mpango ule serikali iliuanzisha Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, na ni kitu tofauti na karte yetu ya walimu. Uliza dirishani mapema utapokelewa kwa upande gani, tumbo likiwa bado dogo, usingoje uchungu.

Mkienda, bebeni karte yenyewe na fotokopi yake, na kwa watoto hakikisheni majina yao yameandikishwa chini ya matrikuli yenu. Docta mwenyewe yupo tangu asubuhi. Jumanne na Alhamisi ndizo siku nilizokuta benchi lina nafasi.