Shabaha ya kulengea mishale uani: ununue ipi ukiwa Mwanza, na zipi uachane nazo

Mtu akipata upinde kitu cha kwanza anauliza ni nguvu ya upinde na aina ya mishale, shabaha anaona ataokoteza tu chochote. Kwa sisi wa Mwanza hapo ndo pa kuanzia, na swali lenyewe ni hili, mshale ukikosa unaenda wapi? Viwanja vyetu vingi vina mawe, ukikaa Mabatini au Igogo au kule juu Bugando jiwe liko hapo nyuma ya jiko na huwezi kulihamisha, sasa mshale ukipiga jiwe haukwami, unapasuka au unateleza pembeni na kuendelea na safari mpaka kwa jirani anakoanika dagaa. Hata upinde wa kujifunzia unarusha mshale zaidi ya mita mia moja ukielekezwa juu kidogo. Kwa hiyo hela yako ya mwanzo iende kwenye kile kinachokamata mshale, upinde mzuri zaidi utanunua baadae.

Hapa naongelea pinde za kawaida, za mbao au rikavu (ule ambao ncha zake zimepinda kuelekea mbele), za paundi 20 mpaka 40 hivi, paundi ndo kipimo cha nguvu ya kuvuta upinde. Kompaundi, ule wenye vigurudumu, nitaugusa panapohitajika maana unasukuma mshale kwa nguvu kubwa zaidi na vitu vingine havitauhimili. Nimepanga kwa kuangalia inavyokamata mshale, inavyopatikana hapahapa mjini na inavyovumilia mvua na jua la huku.

NAMBA MOJA: gunia la vitambaa. Sina wasiwasi kabisa na hili. Unachukua kiroba kikubwa cha plastiki kile cha kilo mia, unakivisha ndani ya kingine ili viwe viwili, halafu unashindilia vipande vya nguo. Vipande utapata kwa mafundi cherehani, wengi wanavifungasha wavitupe au wauze kwa bei ndogo, na wauza mitumba wana nguo zilizochanika ambazo hazipati mteja. Kazi ipo kwenye kushindilia, na watu wengi wanaishia njiani. Weka kidogo, ingia na mguu, kanyaga, ongeza, kanyaga tena, mpaka ukilipiga ngumi linakurudishia mkono, maana likiwa legelege mshale utatokea upande wa pili. Unene usipungue sentimita 40. Na kabla ya kuweka nguo yoyote toa zipu, vifungo vya chuma, vyuma vya mikanda, vyote, mshale ukikuta chuma ndani unaharibika ncha au unapasuka bila wewe kuona.

Uzuri wake ni kwamba mshale unachomoa kwa vidole viwili, hata mtoto anaweza, na shimo linajifunga lenyewe kwa sababu vitambaa vinasogea. Ubaya upo pia, vitambaa vinashuka chini taratibu, baada ya muda juu kunabaki patupu na hapo mshale unapita, kwa hiyo inabidi ufungue uongeze mara kwa mara. Kiroba nacho jua letu linakila, kinaanza kukatika kama makaratasi, basi ukimaliza funika na turubai, kikichakaa kivishe kingine juu yake bila kumwaga vilivyo ndani. Mvua ikilikuta wazi vitambaa vinakunywa maji, linakuwa zito ajabu na linaanza kunuka. Usilining'inize kwenye tawi la mwembe likawa linabembea, lifunge juu kwenye nguzo mbili na chini likalie matofali au pallet.

Angalizo moja kwa gunia, tumia ncha za mviringo tu. Chembe pana zenye makali zinakata kiroba na vitambaa vinang'ang'ania, utavuta mpaka uvunje mshale.

NAMBA MBILI: mikeka ya fomu (aina ya sponji ngumu) iliyokandamizwa. Ile mikeka ya rangirangi ya watoto inayoungana kama fumbo, au mikeka ya mazoezi, ipo madukani mjini. Usiitundike ikaangalia mbele hivohivo, mshale utatoboa wote. Kata vipande virefu vya upana wa sentimita 25 au 30, vilaze kimoja juu ya kingine mpaka upate kimo unachotaka, weka ubao juu na chini, halafu fundi wa kuchomelea akutengenezee vyuma viwili vyenye nati vya kukaza pande zote mbili. Mshale unaingia katikati ya tabaka na unashikwa na msuguano, haukati kitu, ndo maana inadumu. Pakichoka unalegeza nati, unageuza tabaka, unakaza tena.

Hii kwa mvua ni bora kuliko gunia maana fomu hainywi maji. Imeshindwa kuwa ya kwanza kwa ajili ya gharama tu, mikeka inahitajika mingi kuliko unavyodhani, na kuchomoa mshale ni kazi. Ukiwa na kompaundi mshale unaingia kwa kasi unapata joto, fomu inayeyuka kidogo na kuganda kwenye mshale. Paka sabuni ya mche iliyo kavu kwenye sehemu ya mbele, inasaidia sana. Na ukikaza kupita kiasi, kwa upinde mwepesi wa paundi 20 mshale utadunda ukurudie, kwa hiyo kaza kidogokidogo huku unajaribu.

Watu wanauliza kuhusu godoro. Hapana. Godoro hata lile zito ni laini mno, mshale unapita kama hakuna kitu, unaweza kuliweka nyuma kama nyongeza ila kulitegemea lenyewe usithubutu.

NAMBA TATU: maboksi. Kanuni ni ileile ya mikeka, unakunjua maboksi, unayakata sawa, unayalaza na kuyakaza kwa mkanda wa kufungia mizigo ile wanatumia wa malori, ukilenga ubavuni ambapo kingo za karatasi zinaonekana. Maduka ya jumla maeneo ya Makoroboi yanatoa maboksi kila siku, gharama yako kubwa ni mkanda. Yanakamata mshale vizuri kweli, kwa mtu anayetaka kujaribu huu mchezo kabla hajaweka hela hii inatosha. Tatizo ni maji. Mvua za vuli, Oktoba mpaka Desemba, zikishuka mara moja tu umebaki na uji, basi kama huna banda au baraza iliyoezekwa usisumbuke.

NAMBA NNE: robota la majani ya mpunga. Kulenga kwenye majani ni jambo la zamani sana, vilabu vya Ulaya vimetumia shabaha za majani yaliyosukwa duara kwa miaka mingi, na sisi mpunga tunao, Magu, Misungwi, Kwimba, baada ya mavuno majani yanabaki shambani. Ila lazima yafungwe kwa nguvu sana, ya kufunga kwa mkono na kamba ya katani mara nyingi yanalegea. Zaidi ya hapo robota linaita panya, mchwa wanapanda kutoka chini, na masika ikifika katikati panaoza. Ukiwa Kisesa au Usagara una eneo na unaweza kubadilisha kila msimu, sawa, chukua. Mjini hapana.

NAMBA TANO: bloko la kiwandani la kuagiza. Kwa ubora lenyewe liko juu, tena mwenye kompaundi ya nguvu huenda likawa chaguo lake la kwanza. Nimeliweka chini kwa sababu ya usafiri, ni kitu chepesi lakini kikubwa, na mzigo wa hivo unalipia ukubwa, ukitoka Dar kwa basi mpaka stendi ya Nyegezi unaweza kushangaa nauli ya mzigo. Ukiagiza soma maelezo mambo mawili, kwanza ni la ncha za aina gani, pili linahimili kasi gani, huwa wanaandika kwa futi kwa sekunde. Mengine ni ya pinde nyepesi za watoto na kwenye picha yanafanana tu.

Za kuachana nazo moja kwa moja ni gogo, tairi na ukuta wa tofali. Gogo linameza ncha, tairi linarudisha mshale kwako, ukuta unavunja mishale.

Sasa nyuma ya shabaha. Hapa usibane hela. Kama una tuta la udongo safi usio na kokoto hakuna kinachoshinda hilo. Kama nyuma kuna jiwe au ukuta, ning'iniza nyavu nzito za nyuzi zilizosokotwa, zile kuukuu wavuvi wameziacha, ukiulizia Mwaloni Kirumba utaelekezwa. Zikunje mara mbili au tatu na ziache zilegee, sehemu ya chini ilale ardhini, kwa sababu wavu uliokazwa unatobolewa ila uliolegea unasafiri na mshale na kuumaliza nguvu. Wavu wa matundu makubwa haufai kabisa, mshale ni mwembamba. Upana wa wavu uzidi shabaha angalau mita moja kila upande, na zaidi kwa juu. Hata hivyo wavu ni msaada, kusiwe na njia ya watu nyuma yake.

Anza mita 5. Ukiona mishale yote inakaa kwenye gunia sogea 10, halafu 18 ambayo ndo umbali wa mashindano ya ndani ya ukumbi, na hapo karatasi yake ya kulengea ina upana wa sentimita 40. Rikavu ya Olimpiki ni mita 70 na karatasi ya sentimita 122, hiyo achia viwanja vya wazi. Elekeza uwanja wako kaskazini au kusini, jua letu linapita karibu na utosi na jioni linazama upande wa ziwa, ukilenga magharibi saa kumi na moja huoni kitu. Asubuhi ndo tulivu, mchana upepo wa ziwani unaamka na mishale miepesi inayumba.

Kabla hujapiga mshale wa kwanza nenda kwa mjumbe na majirani uwaeleze. Usukumani upinde unaeleweka, sungusungu walipoanza miaka ya 1980 walitembea na pinde na mishale, kwa hiyo mzee akikuona na upinde uani anawaza ulinzi au shari. Ukimkaribisha aone gunia na wavu ataelewa, na wengine watakuonyesha namna ya kushika upote (kamba ya upinde) ambayo hukuijua.

Mishale ya kaboni ikunje kidogo karibu na sikio kila kabla ya kupiga, ukisikia mlio wa kupasuka itupe hiyo, inaweza kupasukia mkononi.