Vifaa vya kutunza tangi la samaki: vya kununua na vya kuacha dukani

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo nimepanga hapa mezani vifaa vya kutunza tangi la samaki la nyumbani: mpira wa kunyonya uchafu, ndoo, seti ya kupimia maji, sumaku ya kusugulia kioo, kipimajoto, wavu, na hizi chupa za dawa ambazo wengi mmekuwa mkiniuliza. Nitakipitia kimoja kimoja niseme kipi ununue leo, kipi kisubiri, na kipi ukiache dukani kabisa. Kigezo changu ni maji. Samaki anapumua, anakula na kujisaidia humo humo, kwa hiyo kifaa kisichosafisha maji wala kukuonyesha hali yake hakina haraka.

Naanza na huu mpira wa kunyonya, kwa sababu ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu, ningechukua huu. Una sehemu mbili: bomba pana la plastiki ngumu linaloingia kwenye kokoto, na mpira mrefu unaoteremka hadi kwenye ndoo. Hauna mota wala betri. Ndoo ikiwa chini ya tangi, maji yanashuka yenyewe.

Tazameni. Nachomeka bomba kwenye kokoto hadi chini. Mnaona kokoto zinavyopanda na kuzunguka ndani ya bomba, na lile vumbi la kahawia linavyojitenga na kwenda zake na maji? Sasa nabana mpira kwa vidole, kokoto zinaanguka, nanyanyua, nahamia pembeni. Hilo vumbi ni kinyesi na mabaki ya chakula, na ndiyo yanayooza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo unapobadilisha maji kwa kuchota juu juu na kikombe, umepunguza maji machafu lakini chanzo chake umekiacha pale pale.

Kabla hujalipia, angalia upana wa bomba. Likiwa pana mno kwenye tangi la lita 40, robo ya maji itakuwa imekwisha hujafika hata katikati ya kokoto. Likiwa jembamba mno, linameza kokoto zenyewe na kuziba. Kwa tangi dogo chukua la wastani, lenye kipampu cha kubinya kwa mkono cha kuanzishia maji. Kuvuta kwa mdomo sikushauri hata kidogo, maji ya tangi yana vijidudu. Na kama chini umeweka mchanga, usichomeke bomba, lipitishe juu yake kidogo tu, uchafu utanyanyuka wenyewe. Wenye vifaranga au samaki wadogo sana wachague bomba lenye kichujio mdomoni.

Ndoo sasa. Tenga ndoo ya samaki peke yake, iandike kwa kalamu ya wino usiofutika, na watu wote wa nyumbani wajue. Sabuni inaganda kwenye plastiki hata ukisuuza, na matamvua ya samaki hayaivumilii. Ukubwa nao uufikirie: lita 20 za maji ni kilo 20, na utazibeba kila wiki. Ndoo ya lita 10 itakuokolea mgongo, na hutaanza kuahirisha kazi kwa sababu ni nzito. Kwa matangi mengi ya nyumbani, kubadilisha kama robo ya maji kwa wiki kunatosha, ilimradi samaki hawajajazana.

Maji ya bomba yanatiwa klorini ili yawe salama kwetu. Kwa samaki klorini hiyo inaunguza matamvua, na inaua bakteria wazuri wanaoishi kwenye filta. Kwa hiyo dawa ya kuondoa klorini, hii chupa ndogo hapa, ni ya lazima kwa anayetumia maji ya bomba. Najua kuna wanaolaza maji kwenye ndoo usiku mzima. Klorini ya kawaida inapungua kwa njia hiyo, ila sehemu nyingi siku hizi wanatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haitoki kwa kulaza maji. Halafu kloramini ikivunjwa inaacha amonia, kwa hiyo soma lebo, tafuta dawa inayosema inashughulikia kloramini na amonia pia. Ukiitia ndani ya ndoo, pima kwa ujazo wa ndoo. Ukimimina maji moja kwa moja kwenye tangi kwa mpira, pima kwa ujazo wa tangi zima.

Sasa nitakaa kidogo kwenye seti ya kupimia, maana hapa ndipo watu wanapofanya ubahili, na samaki ndio wanaoumia. Maji yakiwa meupe kama kioo bado yanaweza kuwa na amonia ya kuua, kwa sababu amonia haina rangi, na kwa kiasi kinachomdhuru samaki hutaisikia hata harufu. Bila kipimo unabahatisha.

Kuna aina mbili, vijikaratasi na seti ya matone. Vijikaratasi ni vya haraka: unachovya, unasubiri kidogo, unalinganisha rangi. Lakini vingi havipimi amonia, na amonia ndicho kitu cha kwanza unachotakiwa kukijua. Pia vikiingiwa na unyevu ndani ya chupa yake vinaharibika. Mimi nasimama na seti ya matone. Inachukua muda, lakini jibu lake lina maana.

Angalieni hiki kichupa. Nimejaza maji ya tangi hadi kwenye mstari, nikaangalia mstari huo usawa wa macho, nikadondosha matone kama maelekezo yanavyosema huku chupa ya dawa nimeisimamisha wima kabisa ili matone yawe na ukubwa mmoja. Nimefunika, nimetikisa, nimesubiri dakika 5. Sasa naweka kichupa mbele ya kadi nyeupe ya rangi, kwenye mwanga wa mchana. Ni njano safi. Kwa seti hii, njano ni sifuri. Ingeanza kuelekea kijani, hata kijani cha mbali, leo hii hii ningebadilisha maji.

Kwenye kipimo cha nitrati, yaani kile amonia inachoishia kugeuzwa na bakteria, kuna jambo linalowapotosha wengi. Ile chupa ya pili ya dawa ina unga unaotuama chini. Usipoitikisa kwa nguvu, nusu dakika au zaidi, matokeo yatakuwa ya chini kuliko hali halisi, na utadhani maji yako ni mazuri. Tikisa, gonga chupa mezani, tikisa tena.

Namba zenyewe ni hizi: amonia iwe 0, nitriti iwe 0, nitrati isivuke 40 kwa kipimo cha miligramu kwa lita, na mimi napenda ibaki chini ya 20. Bakteria wa kwenye filta wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, na nitrati unaitoa wewe kwa kubadilisha maji au mimea inaila. Tangi jipya bado halina bakteria wa kutosha, huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, na katika kipindi hicho seti hii ndiyo macho yako. Jambo jingine: pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali kwenye maji, ikiwa juu na maji yakiwa ya moto, amonia ile ile inakuwa na sumu kali zaidi. Na angalia tarehe ya kuisha muda kwenye chupa, dawa za kupimia zinachakaa.

Hii ya kusugulia kioo ni sumaku mbili, moja ndani, moja nje. Inapendeza kutumia, mkono haulowi. Lakini ipitishe mbali na mchanga. Punje moja tu ikinasa kati ya sumaku na kioo, inachora mstari usiofutika. Hebu nigeuze hii muone: hapa kwenye nyuzi zake kuna punje imekwama, ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Isuuze na ipapase kwa kidole kila kabla ya kutumia. Kwa vioo, ukoko mgumu wa mwani unatoka vizuri kwa wembe ulioshikiwa kwenye mpini. Kwa tangi la akriliki, yaani plastiki angavu, wembe usikaribie kabisa.

Kipimajoto chukua cha kuzama ndani ya maji. Kile cha kubandika nje ya kioo kinaathiriwa na hewa ya chumba. Mwenye hita nina neno naye: chomoa plagi kabla ya kupunguza maji, iache ipoe, ndipo uanze. Hita ya kioo ikibaki inawaka nje ya maji, inaweza kupasuka pale maji yatakaporudi.

Sponji la filta huhitaji kulinunulia sabuni wala dawa. Likamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, basi. Ukilisuuza bombani, klorini inaua wale bakteria uliongoja wiki kadhaa kuwalea. Lisitupwe mpaka limeanza kumomonyoka, na hata hapo weka jipya pembeni ya la zamani kwa wiki kadhaa kwanza. Mkaa wa kwenye filta si wa lazima. Unasaidia kutoa dawa ndani ya maji baada ya matibabu, ila ukishajaa haufanyi kitu tena.

Wavu, chagua laini na mpana kuliko unavyodhani unahitaji. Mwenye pampu ya hewa iliyokaa chini ya usawa wa maji anunue vali ya njia moja, ni kitu kidogo sana, na umeme ukikatika inazuia maji kurudi kwenye pampu na kumwagika sakafuni.

Hizi chupa nyingine, ya kuua mwani na ya kung'arisha maji, kwangu zirudi dukani. Mwani unakuja kwa mwanga mwingi na virutubisho vingi. Nunua taimea, kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe, taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, punguza chakula, endelea kunyonya kokoto. Dawa ya kung'arisha inagandanisha vumbi ili filta ilinase, lakini amonia inabaki vile vile.

Ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu ndefu kabla ya kuingiza mkono, kuna bakteria wa majini wanaoambukiza ngozi. Na kwa wale mtakaoniandikia kuhusu samaki anayeumwa, nitumieni kwanza ujazo wa tangi, joto la maji, na vipimo vya amonia, nitriti na nitrati vya siku hiyo, nami nitawajibu.